Mjadala: Rafiki akufungishie ndoa, sawa. Na aliyekulea je?

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu iko nyumbani kwangu hivi sasa, na kila ninapoigusia watu hugawanyika papo hapo. Je, ni sawa maharusi kumwomba rafiki au mtu wa familia awafungishie ndoa, badala ya kiongozi wa dini au msajili wa serikali?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Rafiki, ndiyo. Tena anaweza kuifanya kazi ile vizuri kuliko mtu asiyewajua. Lakini mwenye mamlaka juu ya mmoja wa maharusi, yaani mzazi, kaka mkubwa, shangazi aliyemlea, hapana.

Miaka michache iliyopita rafiki yangu wa tangu utotoni aliniomba nisimame mbele siku ya harusi yake. Walikuwa wameshafunga ndoa kwa msajili siku tatu kabla, mbele ya mashahidi wawili, wakatia saini na cheti wakapewa. Kwa hiyo mbele ya sheria sikuwa nafungisha chochote. Mjomba wa bwana harusi alilisema bila kuzunguka: "Hayo yenu ni maigizo." Nilikasirika. Kisha nikalifikiria neno lake kwa siku kadhaa, maana halikuwa la kipuuzi. Kama karatasi imeshasainiwa, mimi pale nasimama kufanya nini?

Ilinibidi nirudi nyuma kidogo kuuliza mfungishaji aliletwa kwa ajili gani. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi lilishika kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa. Mwanamume na mwanamke wakitamkiana kwamba wanaoana, hata bila padri, hata gizani bila shahidi, basi wameoana. Shida ilikuja pale mmoja alipokana. Aliyeoa kwa siri akaja kuoa hadharani mwanamke mwingine, na yule wa kwanza hakuwa na wa kumtetea. Ndipo mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa hilo, ukaamuru kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko, au padri aliyeruhusiwa, na mashahidi wawili au watatu, ni batili. Uingereza nayo ikatunga sheria yake mwaka 1753 kwa kukerwa na ndoa hizo hizo za siri.

Tazameni basi. Mfungishaji aliletwa asikie, na kesho aweze kusema alisikia. Hakuletwa eti kwa sababu maneno yake ndiyo yanayowageuza wawili kuwa mume na mke. Hadi leo mafundisho ya Kanisa Katoliki la Kilatini yanasema maharusi wenyewe ndio wanaopeana sakramenti. Padri au shemasi huwauliza ridhaa yao na kuipokea kwa jina la Kanisa. Sheria yake inakwenda mbali zaidi: pale ambapo hakuna padri wala shemasi, askofu akishapata vibali vinavyotakiwa anaweza kumkasimu mlei kazi hiyo. Na Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wanaoitwa pia Quaker, kwa desturi yao ya asili hawana mfungishaji kabisa. Wawili husimama katika ibada, wakaahidiana wenyewe, kisha waliohudhuria wote hutia saini kwenye hati. Ile sheria ya Uingereza ya 1753 iliwaacha waendelee na utaratibu wao.

Kwa hiyo wanaosema rafiki akisimama pale utakatifu unapotea, nawaheshimu, ila naona wameuweka utakatifu mahali pasipo pake. Kama dini yako inataka padri, mchungaji au shehe, mfuate, hilo halina mjadala. Ninachokataa ni dhana kwamba pasipo kanzu hapana ndoa.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi, lakini msiupuuze, maana watu wameumia. Marekani kuna Universal Life Church, kanisa lililoanzishwa mwaka 1962, ambalo humpa uchungaji karibu yeyote anayeomba, zamani kwa posta na sasa kwa intaneti. Wengi wanaofungisha ndoa za rafiki zao huko hupitia mlango huo. Sasa sikilizeni kisa hiki cha North Carolina. Mwanamume alihukumiwa kwa kuoa mke mwingine huku ndoa ya kwanza ikiwa hai. Ndoa ile ya kwanza ilikuwa imefungishwa na baba wa bibi harusi, Mkatoliki mlei, aliyenunua cheti cha uchungaji cha kanisa hilo kwa dola 10. Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema huyo si mchungaji kwa maana ya sheria, kwa hiyo ndoa ya kwanza haikuthibitishwa, na hukumu ikafutwa. Mume akatoka. Na binti? Baba yake mzazi ndiye aliyesimama pale siku ile, na sasa mahakama inamwambia haikuwa ndoa ya kumfunga mtu. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuziokoa ndoa za aina hiyo zilizokwisha kufungwa.

Pennsylvania mambo yalikuwa vilevile: mwaka 2007 jaji wa kaunti moja aliibatilisha ndoa kwa sababu mchungaji wa intaneti hakuwa na waumini wa kuwachunga, na mwaka 2008 jaji wa kaunti nyingine akaamua kinyume. Kwingine wameona bora waweke mlango halali. Massachusetts gavana anaweza kumruhusu mtu wa kawaida afungishe ndoa moja kwa siku moja, na New York imeanza kutoa leseni ya siku moja tangu 2023. Australia rafiki anaweza kuongoza sehemu kubwa ya sherehe, lakini lazima awepo mfungishaji aliyeidhinishwa, na yapo maneno ambayo ni yeye tu anayepaswa kuyasema. Penye mashaka, fanyeni kama sisi: msajili kwanza, rafiki baadaye. Mjomba ataita maigizo, lakini cheti kitakuwa kabatini.

Sasa nifike kwenye kiini. Kama kazi ya mfungishaji ni kuisikia ridhaa, basi sifa yake ya kwanza ni kwamba mtu anaweza kumwambia "sitaki". Ufasaha ni sifa ya mbali sana. Kuhusu rafiki kutokwa na machozi au kusahau mstari, hilo hata silihesabu.

Usiku wa kuamkia ile harusi niliomba kuzungumza na kila mmoja peke yake. Bwana harusi alicheka, akanipiga begani, akasema hana wasiwasi. Kwa bibi harusi haikuwa hivyo. Nilimwuliza kama kuna mtu anamsukuma, nikamwambia akitaka tuahirishe, atakayebeba lawama ni mimi; nitasema nimeugua na simu nazima. Alikuwa ameshika chupa ya maji, anafungua kifuniko na kukifunga, anafungua na kukifunga. Kisha akasema, "Watu wote wameniuliza rangi ya maua. Hili hakuna aliyeniuliza." Kumbe kuolewa na mwanamume yule anataka, ila anaogopa kuhamia mji asikomjua mtu, na neno hilo hajawahi kumwambia mwenzake kwa sababu maandalizi yalishaanza. Nilimwomba amwambie usiku uleule. Walizungumza kwenye ngazi mpaka usiku wa manane, mimi nimekaa mbali nisisikie. Kesho yake nilipomwuliza mbele za watu kama anaridhia, alijibu kabla sijamaliza swali.

Hapo ndipo nilipojua nilisimama kufanya nini. Na Australia, tangu mwaka 2024, sheria inamtaka mfungishaji akutane na kila mmoja wa maharusi peke yake kabla ya ndoa. Niliposoma hivyo nilifurahi, maana mimi nilibahatisha tu.

Sasa mweke mzazi mahali pangu. Ninamfahamu dada mmoja aliyefungishwa ndoa na baba yake mzazi, mchungaji anayeheshimika. Wote tulitoa machozi, ilipendeza. Baada ya miaka mingi, ndoa ikiwa imeshavunjika, aliniambia kwamba alijua tangu wiki moja kabla kuwa hataki. "Ningemwambiaje baba hapana, kwenye kipaza sauti chake mwenyewe?" Baba yule hakumlazimisha, na sidhani hata aliwahi kuhisi. Hilo ndilo linalonitisha. Sauti ya mzazi ina uzito ambao yeye mwenyewe hausikii.

Nimeshajibiwa kwamba kwa Waislamu baba ndiye walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na anaweza kumwozesha bintiye kwa ulimi wake au akamwachia kadhi ama shehe amwakilishe. Kweli, na sina nia ya kuligusa hilo. Lakini naona pale nafasi ya baba inajulikana: yeye ni upande mmoja wa mkataba, bwana harusi ni upande wa pili, na mashahidi wapo. Hajifanyi msikilizaji asiye na upande. Na nimewahi kumwona shehe, baba akiwa amekaa palepale sebuleni, akiinuka yeye mwenyewe na mashahidi kwenda mlangoni kwa bibi harusi kumwuliza kama ameridhia na amemjua anayemwoa. Baba hakuchukia. Kama kuna mwenye elimu zaidi hapa, anisahihishe.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine. Mimi nilikuwa rafiki wa bwana harusi. Bibi harusi angeweza kudhani kila atakachoniambia kitafika kwa mwenzake kabla ya asubuhi. Nilimwahidi halitatoka neno, naye akaniamini, lakini je, angekuwa mwoga zaidi? Pengine awe rafiki wa wote wawili, au wawe wafungishaji wawili, kila mmoja na wake. Sina jibu lililonyooka.

Nalileta leo kwa sababu mdogo wangu wa kike anaolewa, na ameniomba mimi nimfungishie ndoa. Huyu nimemsomesha tangu kidato cha kwanza, baada ya wazazi wetu kufariki. Hajawahi kunibishia jambo kubwa, na zamani nilikuwa najivunia hilo. Nilimwambia hapana, atafute rafiki yake, mimi nitakuwa shahidi nitie saini. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, ni nani mwingine ananijua?" Akakata. Zimepita siku tisa hajapiga.

Wanaoona nimekosea, nawasikiliza. Hasa nyinyi mliofungishwa ndoa na mzazi au mlezi wenu: siku ile, mngeweza kusema hapana?