Kiuno kinanishika kila giza linapoanza: ni kuinama, ni mizigo, au kuna jambo jingine?

Mwanika Dagaa, Kibirizi

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninanunua dagaa mwaloni na kuwaanika mwenyewe, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na maumivu ya kiuno ambayo hayaishi, ila kuna vipindi yanapopanda hadi ninashindwa kujifunga kanga. Kinachonitatiza ni kwamba hayapandi wakati kazi ni nyingi kuliko kawaida. Katikati ya giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, ninainama mchangani kila asubuhi na kujitwisha mabeseni, na kiuno kinavumilia. Kinanishika siku za mwanzo, mbalamwezi inapokwisha na wavuvi wanaporudi ziwani. Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa kwa uvuvi mwezi Agosti baada ya kufungwa kwa miezi 3, nililala ndani siku nyingi.

Nilipigwa eksirei nikaambiwa pingili zimeanza kulika, na nikashauriwa niache kuinama. Mama mkwe anasema ni baridi ya alfajiri. Kuacha kuinama kwangu ni kuacha riziki, kwa hiyo naomba kufahamu: ni nini hasa kinachoyaamsha maumivu haya, na nitakitambuaje?

Mfiziotherapia, Kigoma Mjini

Dada, pole sana. Maelezo yako yana sehemu kubwa ya jibu. Pingili zilizolika hazibadiliki kati ya wiki moja na nyingine. Ni zilezile kiuno kinapotulia na kinapokushika, kwa hiyo haziwezi peke yake kueleza kupanda na kushuka huku. Isitoshe, watu wengi wasio na maumivu yoyote wakipigwa picha hukutwa na diski (vikalio laini vilivyo kati ya pingili) zilizochakaa, na kwa wenye umri wa miaka 50 hali hiyo huonekana kwa takriban 80 kati ya 100.

Ninachokiona katika habari yako ni ongezeko la ghafla la kazi. Wakati wa mbalamwezi misuli na viungo vya kiuno huzoea mzigo mdogo, kisha giza linapoanza unavidai kazi yote kwa siku moja, na miezi 3 ya kufungwa kwa ziwa iliongeza pengo hilo. Siku hizo za mwanzo huja na mambo mengine pia: usingizi unakatika, unakimbizana na jua, mtaji uko mikononi mwa watu na bei haijatulia. Utafiti uliofanywa Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwauliza watu 999 walichokuwa wakifanya kabla ya maumivu mapya ya mgongo kuanza. Kufanya kazi katika mkao mbaya kulihusika sana, lakini uchovu nao ulihusika, na kufanya kazi huku akili iko kwingine kulihusika zaidi. Maumivu yalianza zaidi kati ya saa 1 asubuhi na saa 6 mchana.

Kuhusu asubuhi, kuna sababu ya kimwili. Usiku diski hufyonza maji na kuvimba kidogo, hivyo kuinama sana mara tu baada ya kuamka huzikaza kuliko kuinama baadaye. Anza kwa kutembea na kazi za kusimama, na pale inapowezekana anika juu ya chanja badala ya mchangani.

Ili ukitambue chanzo chako, tumia daftari: usingizi, mizigo, muda wa kuinama, safari, mawazo. Andika na siku njema, kwa sababu ukiandika siku mbaya peke yake utakilaumu kila ulichokifanya siku hiyo, hata kile unachokifanya kila siku bila madhara. Angalia pia siku moja au mbili nyuma, kwani maumivu huweza kuchelewa.

Dereva wa Kasulu

Kwangu mimi si kubeba, ni kukaa. Nikiendesha mfululizo bila kushuka, kesho yake siinuki. Je, baridi aliyoitaja mama mkwe haina nafasi?

Mfiziotherapia, Kigoma Mjini

Kaka, watafiti wa Sydney walilichunguza na hilo, na halijoto, unyevu na mvua havikuonekana kuanzisha maumivu ya mgongo. Joto kiunoni hutuliza, kwa hiyo simzuii mama kujifunika. Kukaa kwa saa nyingi kumeonekana katika utafiti wa Marekani kuwa miongoni mwa mambo yanayoyaamsha maumivu, pamoja na msongo wa mawazo. Shuka kila abiria wanaposhuka.

Muuguzi, Ujiji

Naomba niongeze jambo moja ambalo lisisubiri daftari. Ukihisi ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, yakiambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, yachunguzwe kifua kikuu cha uti wa mgongo, na kwa wanywaji wa maziwa mabichi, brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Mwanika Dagaa, Kibirizi

Nashukuru sana, sina dalili hizo. Hili la mtaji limenigusa, kwa kuwa usiku wa kwanza wa giza huwa silali kabisa. Je, wakati wa mbalamwezi nipumzike vipi, na mkanda wa kiuno unaouzwa mjini unafaa?

Mfiziotherapia, Kigoma Mjini

Usipumzike kabisa, dada. Endelea kuchota maji, tembea, inama na kuinuka taratibu kila siku, na zidisha mzigo kidogo kidogo siku chache kabla wavuvi hawajarudi. Giza likianza, gawanya beseni moja katika safari mbili kwa siku za mwanzo, hata kama jirani atamaliza kabla yako. Mkanda sikushauri, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno nao hauupendekezi. Fedha hiyo itakufaa zaidi kwenye mbao za chanja, na zipigiliwe usawa wa kiuno chako.