NZE inachemsha njia ya Ngomeni, kwenye lami haichemshi

Mnunuzi wa samaki, Malindi
Asalaam alaikum wenye magari. Langu ni Toyota NZE, injini 1NZ. Nanunua samaki Ngomeni nawaleta Malindi, mara nne kwa wiki. Gari linachemsha siku likitaka. Lami yote, kutoka daraja la Sabaki hadi Gongoni, mshale wa joto umetulia chini kidogo ya nusu. Nikikata njia ya mchanga, pale penye mabwawa ya chumvi, siku nyingine unapanda mpaka karibu na H, alama ya moto, siku nyingine hausogei. Mzigo ni uleule, jua ni lilelile.

Juzi lilinishika nina kilo 40 za changu na barafu ya kunifikisha mjini tu. Nilikaa saa nzima chini ya mkilifi nikingoja injini ipoe, maji ya barafu yanatiririka kutoka buti. Themostati, ule mlango wa maji ya injini, nimebadilisha, rejeta nimeosha, na sasa fundi ataka kufungua silinda hedi. Pesa hiyo sina, na moyo wangu haujakubali. Maji hayapungui. Niangalie wapi?

Fundi, Muyeye
Waalaikum salaam. Hedi usifungue kwanza. Chomoa kijiti cha oili: imegeuka rangi ya chai ya maziwa? Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari: mapovu yanafoka bila kukoma? Kama hakuna hata kimoja, gasketi ya hedi iache ilivyo. Na mfuniko usiuguse kabisa injini ikiwa moto, maji yatakurukia usoni.

Jibu lako liko hapo kwenye lami na mchanga. Kwa kasi ya 80 upepo wenyewe unapoza rejeta. Kwenye mchanga unatambaa, kazi yote ni ya feni, na feni yako nadhani kuna siku inalala. Simama, acha injini ingurume, tega sikio. Mshale ukivuka nusu na feni iko kimya, chukua kijiti ugonge mgongo wa mota polepole. Ikizunguka, kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimeisha. Isipozunguka, shika soketi yake. Mkono uwe mbali na mapanga, huwaka ghafla.

Dereva, Watamu
Toa themostati kabisa kaka. Mimi nilitoa, sijachemsha tena.

Fundi, Muyeye
Ndugu yangu, usimpe ushauri huo. Themostati ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake na inakula mafuta, na feni iliyolala italala vilevile. Halafu ndugu wa samaki, rejeta ulipoiosha ulitia maji gani? Visima vyetu vingi vina chumvi, alumini inaliwa. Tia kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta.

Mnunuzi wa samaki, Malindi
Nimerudi. Oili safi, mapovu hakuna. Leo nimesimama chini ya mkilifi uleule. Mshale umevuka nusu, feni kimya. Nimegonga mota, kimya. Nikashika soketi, hata sijaitikisa, feni ikawaka vuu! Nimezima gari, nikaichomoa. Kwa nje nzima kabisa. Ndani pini moja imeota kutu ya kijani, na plastiki yake imeungua pembeni. Matope ya njia ile yana chumvi tele na yanarukia palepale. Nikisugua kwa msasa itatosha?

Fundi, Muyeye
Haitoshi. Pini iliyoungua imeshalegea, itaungua tena. Kata, funga soketi mpya kwa waya wa unene uleule, paka grisi. Angalia pia waya wa asi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, pale mbele, nao unalambwa na chumvi hiyohiyo. Na kulanti?

Mnunuzi wa samaki, Malindi
Nilikuwa nimetia maji ya kisima, nimeyamwaga. Soketi imefungwa jana, na nati ya asi ilikuwa nyeupe kwa chumvi, nayo tumesafisha. Leo saa saba mchana, mzigo ndani, nimeliacha gari lingurume dakika 20 palepale mchangani. Feni imewaka mara tano, nimehesabu, na mshale haukuvuka nusu. Barafu imefika Malindi ingali vipande. Fundi, nitapita Muyeye kesho, kolekole wako nimemweka.