Wakuu, mashine inangoja magari kuliko inavyokata. Niombe gari la tatu?

Fundi wa Chini: Habari za jioni wakuu. Niko Mpumalanga, Afrika Kusini, fomeni wa shifti kwenye mgodi wa makaa wa chini kwa chini. Mashine ya kukata moja, magari ya kubebea mawili. Tulikuwa tunatoa tani 1,100 kwa shifti, sasa 700 kwa mbinde. Barua ya kuomba gari la tatu ninayo mfukoni, bosi anataka jibu Jumatatu. Usingizi sina.

Mzee wa Tukuyu: Mwanangu, mimi nilikuwa Kiwira, mgodi tuliojengewa na Wachina miaka ya 80. Siku ya kwanza kushuka nilisahau hadi jina la mke wangu. Rudi nyumbani ulime parachichi.

Ngosha77: Kutoka inapokata hadi kwenye mkanda wa kusafirishia makaa mita ngapi?

Fundi wa Chini: Kama 190. Mkanda haujasogezwa wiki tatu.

Ngosha77: Basi la tatu la nini? Gari linajazwa dakika moja, kwenda kumwaga na kurudi nne. Na hayapishani ovyo, kila moja linaburuta waya wake. La tatu litapanga foleni njia panda. Sogeza mkanda kwanza. Sakafu ina tope? Meno ya mashine yakoje?

Fundi wa Chini: Tope kidogo. Meno yamechoka.

Kidume cha Mbagala: Bonasi mnalipwa kwa tani? Ndiyo maana hulali 😂

MamaJunior: Kaka, tani 400 haziliwi na mita 190. Mashine inasimama kwa nini?

Fundi wa Chini: Haya. Inajizima. Gesi ya methani ikifika asilimia 1.4 umeme unakatika, mara sita saba kwa shifti. Kipima gesi ni kibovu, nina hakika. Fundi umeme anasema anaweza kukirukia kwa waya, umeme usikatike, wikendi hii tu. Sijakubali. Nimemwambia tu alete waya.

MamaJunior: Cha mkononi kilisoma ngapi?

Fundi wa Chini: 1.3. Lakini nacho cha zamani.

Ngosha77: Vibovu vyote viwili, na vinakubaliana! Mgodi wa Upper Big Branch, West Virginia, Marekani, Aprili 2010: ulilipuka, watu 29 wakafa. Wachunguzi walikuta meno butu na vinyunyizio vya maji havipo. Gesi hiyo inalipuka kuanzia asilimia 5, na meno butu yanatoa cheche. Mdogo wangu, usiguse huo waya.

Kidume cha Mbagala: Hii chai, tena ya rangi. Jumapili huyuhuyu alikuwa anauza Passo Kinondoni. Leo fomeni Mpumalanga?

Mzee wa Tukuyu: Nami niliona. Passo nyeupe.

Fundi wa Chini: Ya shemeji, aliomba nimtangazie. Mkitaka nipige picha ya kofia nitaipiga.

Kidume cha Mbagala: Kofia hata Kariakoo zipo. Passo bei ya mwisho?

Fundi wa Chini: Njoo inbox. Ngosha, swali moja: pazia la kuelekeza hewa likibaki nyuma, gesi inaweza kupanda hivyo?

Ngosha77: Limebaki nyuma mita ngapi?

Fundi wa Chini: Nyingi. Tulilisahau pamoja na mkanda.