Mrejesho: vyungu vyangu kwenye maonyesho Entebbe

Wakuu, niliwauliza nipange vipi bei ya vyungu kwenye maonyesho ya sanaa ya uwanjani Entebbe. Kubandika bei kwenye kila chombo kumesaidia. Watu hawakuogopa kusogea. Ila kilichovuta wateja hasa ni mtungi wa maji. Niliujaza asubuhi, nikawapa vikombe waonje. Udongo mtupu uliochomwa hupitisha unyevu, unyevu ukikauka kwa upepo maji yanapoa, hata jua la saa saba. Mama mmoja alichukua miwili palepale, akalipa kwa simu. Vibakuli vya shilingi elfu kumi viliisha mapema. Vyungu vikubwa vya mapambo? Picha tu! Majani makavu ya mgomba yamefungia mzigo vizuri kuliko magazeti. Sasa natafuta fundi wa rafu za mbao za kukunja.