Kwa nini picha ya ISO ya chini imetoka na chenga nyingi kuliko ya ISO ya juu?

Mpenda Picha:
Wadau, naomba ufafanuzi. Nilimpiga picha mzee aliyekuwa ameketi akisoma katika chumba chenye taa moja. Picha ya kwanza niliipiga kwa ISO (mpangilio wa kamera wa kung'arisha picha) 3200 na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya sekunde 1/500, ikatoka na chenga, yaani punje na madoa yanayoichafua picha, hasa kwenye kivuli nyuma ya kiti. Kwa kuwa nilifundishwa kwamba ISO ndiyo inayoleta chenga, niliishusha hadi 400 bila kubadilisha kitu kingine. Picha ikawa na giza, nami nikaiongezea mwanga kwenye kompyuta. Cha kushangaza, chenga zilizidi, na kivuli kikajaa madoa mekundu na ya kijani. Nilipozisafisha kwa programu, ndevu za mzee zikawa kama pamba iliyolowa na ngozi yake ikateleza kama nta. Nimekosea wapi?

Fundi Lenzi:
Ndugu, ulichofundishwa ni nusu ya ukweli. ISO haiongezi mwanga unaoingia kwenye kamera, bali hukuza kile ambacho kihisi, yaani sehemu ya kamera inayopokea mwanga, kimekwisha kupokea. Mwanga hufika kwa chembe ziitwazo fotoni, nazo hazidondoki kwa idadi sawa kila mahali: pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) zinazopokea wastani wa fotoni 100 hupishana kwa takriban 10, yaani asilimia 10, ilhali zinazopokea 10,000 hupishana kwa takriban 100, ambayo ni asilimia 1 tu. Kupishana huko ndiko tunakokuona kama chenga, na ndiyo maana vivuli huathirika kwanza.

Katika picha zako zote mbili mwanga ulioingia ulikuwa uleule, kwa hiyo ISO 400 haikuwa na cha kukupunguzia. Ya pili ilizidi kwa sababu saketi za kamera nazo zina kelele zake, yaani mawimbi ya umeme yasiyotakiwa, na sehemu ya kelele hizo huingia baada ya ukuzaji wa ISO. Ulipoing'arisha picha mara 8 kwenye kompyuta, ulizikuza pamoja nayo. Mzee aliyetulia hahitaji 1/500. Ukishuka hadi 1/125 utapata mwanga mara 4, na chenga zitapungua kwa nusu zikilinganishwa na picha yenyewe. Piga pia kwa faili ghafi (RAW), yaani data ya kihisi isiyochakatwa, ambayo kwa kawaida hubeba biti (vipande vya data) 12 au 14 kwa kila pikseli, kuliko JPEG, aina ya kawaida ya faili ya picha, yenye biti 8 kwa kila rangi.

Mhariri wa Usiku:
Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitagusia usafishaji. Kuna chenga za rangi, kama hayo madoa mekundu na ya kijani, na kuna chenga za mwanga, ambazo ni punje za kijivu. Za rangi unaweza kuzifuta kwa nguvu bila hasara kubwa, kwa sababu jicho halioni vizuri mabadiliko madogo ya rangi. Za mwanga ziguse kwa upole sana, maana unywele mmoja wa ndevu na punje moja ya chenga, kwa programu, ni vitu vinavyofanana mno. Ukilazimisha, vyote viwili vinafutika. Mimi husafisha kivuli peke yake, uso nikauachia punje kidogo, na kuongeza ukali wa picha baadaye, kwani ukitanguliza ukali unazinoa chenga zenyewe.

Mpenda Picha:
Nashukuru sana. Je, kwa vitu visivyosogea kabisa, ni kweli kwamba naweza kupiga picha nyingi na kuziunganisha?

Fundi Lenzi:
Ndiyo, kamera ikiwa kwenye stendi. Wastani wa picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, na wa picha 16 huzibakiza robo. Ukiona nukta angavu zinazobaki palepale katika kila picha, hizo si za kubahatisha bali ni pikseli zenye hitilafu ya joto, nazo wastani hauziondoi. Funika lenzi, piga picha ya giza kwa muda uleule na ISO ileile, kisha uitoe kutoka kwenye picha yako.