Sabuni ya mche ya mafuta ya nazi inameguka na kutoa majimaji: kosa liko wapi?

Ukindu22

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaotengeneza sabuni ya mche nyumbani kwa mikono, bila mashine.

Vipimo: mafuta ya nazi lita 1, kostiki soda (sodiamu haidroksaidi, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) robo kilo (250 g), maji nusu lita. Kostiki iliyeyushwa kwenye maji, ikaachwa ipoe, ikamiminwa kwenye mafuta na kukorogwa kwa mwiko dakika 40 hivi. Kisanduku cha mbao kimetandikwa nailoni.

Matokeo baada ya siku 2: juu kuna unga mweupe, mche ukikatwa unameguka kama chaki, na chini ya kisanduku yamejikusanya majimaji yanayoteleza, yakigusa ngozi yanawasha. Majimaji yamemwagwa, yalikuwa kama nusu kikombe cha chai.

Maswali yangu: kosa ni la vipimo au la ukorogaji? Sabuni hii inaokoleka? Na kuna anayesema nitumie magadi badala ya kostiki kwa sababu hayaunguzi. Ni kweli?

kilo_na_gramu

Kosa ni la vipimo, mkuu. Mwiko hauna hatia hapo.

Kwanza acha kupima mafuta kwa lita. Lita 1 ya mafuta ya nazi ina uzito wa kama 920 g, si kilo. Kostiki nayo usiipime kwa kijiko wala kikombe: chengachenga na punje hazijazi kijiko sawa. Mzani wa jikoni wa betri unaosoma gramu mojamoja ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla hata ya manukato.

Pili, kila mafuta yana kiwango chake cha kostiki. Kwa kilo 1 ya mafuta, kiasi kinachoyageuza yote kuwa sabuni ni hiki kwa makadirio ya karibu sana:

nazi 183 g
mise (mafuta ya kokwa ya mchikichi) 176 g
mawese 142 g
alizeti 135 g
nyonyo 128 g

Mafuta ya ng'ombe yanakaribiana na mawese. Ukishapata jumla, punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka. Hiyo ndiyo akiba yako endapo mzani umekosea kidogo, na ndiyo inayoifanya sabuni isikwangue ngozi.

Sasa chukua zako: 920 g za nazi zinahitaji 168 g, ukipunguza asilimia 5 zinabaki 160 g. Wewe umeweka 250. Gramu 80 na zaidi hazina mafuta ya kushikana nayo, zimebaki kostiki tupu. Ndiyo hayo majimaji yanayowasha, na ndiyo sababu mche unameguka. Ingekuwa kostiki imepungua, ungeona kinyume chake: sabuni laini, yenye mafutamafuta juu, isiyokauka.

Unga mweupe wa juu ni suala jingine. Hata sabuni iliyopimwa vizuri huutoa, kwa sababu kostiki ya juu hukutana na hewa kabla haijamalizana na mafuta. Ukifunika kisanduku kwa nailoni mara tu baada ya kumimina, unapungua sana. Ukitokea, unafutika kwa kitambaa chenye maji. Ila vidonge vyeupe vilivyo NDANI ya mche, ukivibonyeza vikatoa maji, hivyo ni kostiki. Usiichukulie kama unga.

BiMchaichai

Mdogo wangu usiitupe, inaokoleka, ila iheshimu. Kwa hali iliyo nayo isiguswe kwa mkono mtupu wala isifuliwe hata vitambaa vya deki.

Vaa glavu za mpira na miwani. Kata mche vipande vidogo, au ukwangue kwenye kikwangulio cha karoti ambacho hakitarudi tena jikoni. Weka kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Narudia: ISIWE ya alumini, na sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni alumini. Kostiki huila alumini, ikatoa gesi inayoshika moto na kuiacha sufuria nyeusi yenye vishimo. Ukitaka kuhakikisha, sogeza sumaku: alumini haishiki kabisa. Lakini kuna vyuma visivyoshika kutu ambavyo navyo havishiki sumaku, basi angalia na uzito na maandishi ya chini ya sufuria.

Sufuria hiyo iketi ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka taratibu. Kwa hesabu ya ndugu hapo juu, 250 g za kostiki zingehitaji mafuta ya nazi kama 1,440 g ukiacha ile asilimia 5, yaani pungufu yako ni 520 g. Lakini umemwaga majimaji, na hujui yameondoka na kostiki kiasi gani. Kwa hiyo anza na 350 g za mafuta, yakiwa yameyeyuka. Usiongeze maji zaidi ya vijiko vitatu vinne, ndani mna nusu lita tayari.

Funika, koroga kila dakika 10. Mwanzoni itakuwa madongemadonge kama mtindi uliokatika, halafu italainika, na baada ya saa moja na nusu hadi mbili itakuwa kama ugali laini unaong'aa kingo zake. Hapo chota kidogo, kipoe kabisa, lowesha kidole, pitisha kwenye sabuni kisha gusa ncha ya ulimi. Ikikuuma ghafla kama kulamba betri, bado kostiki ipo. Ongeza 50 g za mafuta, pika nusu saa, jaribu tena. Kipimo hiki cha ulimi ni cha sabuni iliyokwisha kupikwa tu, usije ukajaribu hiyo uliyonayo sasa!

Ikitulia, ijaze kwenye kisanduku kwa kuishindilia kwa mwiko, maana haimiminiki. Itakuwa na sura ya mawe mawe, haitapendeza, lakini itafua na kuosha vyombo vizuri. Usiifanye ya kuogea.

Mgomba_7

Hapo kwenye magadi. Magadi yanayotoka maziwa kama Magadi kule Kenya na Natron upande wa Tanzania ni kabonati na baikabonati ya sodiamu. Yanalainisha maharage, yanasaidia kung'oa uchafu kwenye nguo, lakini ukiyachanganya na mafuta ya nazi kwenye ndoo utakoroga hadi jioni na utabaki na mafuta yenye mchanga. Nguvu yake haitoshi kuvunja mafuta. Poda ya kuumulia maandazi ni ndugu yake na ni dhaifu zaidi. Soda ashi ya kutengenezea sabuni ya maji nayo ni kabonati. Kwenye sabuni ya maji inafanya kazi kwa sababu pale inakutana na asidi ya salfoniki, si mafuta ghafi.

Sabuni ya zamani ya majivu ya maganda ya ndizi na ya migomba ilifanya kazi, lakini majivu yana potashi (chumvi za potasiamu, si za sodiamu), na potashi hutoa sabuni laini ya kuchota, haigandi mche. Anayetaka mche hana njia ya kuikwepa kostiki. Na mche ukishaiva vizuri hauna kostiki tena, yote imekuwa sabuni na gliserini. Kwa hiyo hoja ya "haiunguzi" ni ya siku ya kutengeneza tu.

Ukindu22

Asanteni sana, nimeelewa. Nikitaka kuanza upya, sabuni ya kuogea, vipimo viweje? Nina mawese, nazi na alizeti. Na maji kiasi gani?

kilo_na_gramu

Kwa kilo 1 ya mafuta: mawese 500 g, nazi 300 g, alizeti 200 g. Kostiki 145 g (hapo asilimia 5 imeshatolewa), maji 300 g. Kanuni ya maji ni mara mbili ya uzito wa kostiki au zaidi kidogo. Ukizidisha sana, kama wewe na nusu lita yako kwa mafuta yaliyotaka kostiki 160 g tu, sabuni inachukua wiki nyingi kukauka na mche unajikunja.

Mawese yanaleta ugumu na povu linalokaa, nazi inaleta povu jingi la haraka, alizeti inalainisha. Alizeti isipite robo ya mafuta yote, ikizidi sabuni inabaki laini na baada ya miezi inatoa madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Mawese mekundu yatakupa mche wa njano, mtu asishangae.

Ukitaka nazi tupu ya kuogea inawezekana, lakini toa asilimia 20 badala ya 5: kilo 1 ya nazi, kostiki 146 g, maji 300 g. Nazi tupu kwa asilimia 5 inakausha ngozi hadi inakwaruza. Hiyo iache ya kufulia. Sifa yake moja nzuri: inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi.

Utaratibu: KOSTIKI iingie kwenye MAJI, kidogo kidogo, huku unakoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, yanachemka papo hapo na kuruka usoni. Maji yawe ya baridi, kwa sababu mchanganyiko utapanda wenyewe hadi karibu nyuzi 80 au 90. Fanyia nje au dirishani, mvuke wa mwanzo unakaba koo. Ndoo iwe ya plastiki nene yenye alama ya 5 ndani ya pembetatu chini yake, usitumie kioo. Ngoja hadi nje ya ndoo pawe vuguvugu mkononi, na mafuta yawe vuguvugu hivyohivyo, nyuzi 40 hivi.

Mimina, koroga. Kwa mwiko ni dakika 30 hadi saa nzima, kwa blenda ya mkono ni dakika 3 hadi 5 kwa kuwasha na kuzima. Kituo ni pale unapoinua mwiko, tone likianguka linaacha alama juu kama ya uji mzito, halizami mara moja. Ukimimina kabla ya hapo, mafuta na maji vinaachana ndani ya kisanduku, na utarudi hapa na swali lilelile.

BiMchaichai

Niongeze ya harufu, kwa sababu wengi huharibikiwa hapo. Mafuta ya mchaichai 20 g kwa kilo ya mafuta yanatosha. Ya karafuu usizidishe 5 g: yanawasha ngozi, tena yanaigandisha sabuni ghafla, unajikuta na mwiko umesimama wima ndani ya ndoo. Yaweke mwisho kabisa, kisanduku kiwe tayari pembeni. Manjano kijiko kimoja cha chai kwa kilo, yakorogwe kwanza kwenye mafuta kidogo yasifanye vidonge. Unga wa mwani au wa liwa pia kijiko kimoja au viwili vya chai. Rangi za chakula zisikudanganye, nyingi hubadilika zikikutana na kostiki.

Boksi la maziwa linafaa kwa kumiminia, ila yale ya maziwa yanayokaa muda mrefu yana karatasi ya alumini katikati. Ndani pakikwaruzika, kostiki inaifikia. Tandika nailoni.

Kukata: huu mchanganyiko kata baada ya saa 24 hadi 48. Nazi tupu usingoje kesho, kata baada ya saa 6 hadi 12 ikiwa bado na joto kidogo, ikishapoa kabisa inapasuka kisu kikigusa. Halafu miche ipangwe wima kwenye wavu au chanja, isigusane, upepo upite, kwa wiki 4 hadi 6. Pwani unyevu ni mwingi, utaona matone kama jasho juu ya miche. Ni gliserini inayovuta maji ya hewani, haijaharibika. Usiifunge kwenye nailoni ukidhani unaikinga, itabaki laini.

Mgomba_7

Na chanja iwe na mpangilio. Bandika karatasi kwenye kila safu: tarehe ya kumimina, uzito wa kila mafuta, kostiki, maji. Pima mche mmoja kila wiki, uzito ukiacha kushuka, umekauka. Bila karatasi hiyo, mche ukiharibika wiki ya tano hutajua uliweka nini.

Kostiki ikae kwenye kopo lake lenye kifuniko cha kukaza, kwa sababu inavuta unyevu. Iliyoganda mabonge imeshapungua nguvu, na hesabu zote za hapo juu zitakuwa za uongo. Iandikwe SUMU, iwekwe juu kabisa na kufungwa. Iliyoyeyushwa isiwekwe KAMWE kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika 5. Mtoto haulizi. Ikimwagikia ngozi, maji ya bomba yanayotiririka dakika 15 au zaidi, siki isipakwe. Ikiingia jichoni, suuza hivyohivyo kisha hospitali. Ikimezwa, usimtapishe mtu, kimbiza hospitali.

Ukindu22

Nashukuru sana. Moja la mwisho: nikitaka kumuuzia jirani?

kilo_na_gramu

Kwa Tanzania sabuni na vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango (vipodozi vilihamia huko 2019), na mafunzo ya sabuni hutolewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani. Ila hiyo uliyoiokoa isiuzwe. Umemwaga nusu kikombe cha kostiki, hesabu yake haijulikani.

Ukindu22

Sawa. Mzani kwanza.