Gérard Philipe: ni kweli alikuwa staa wa muvi na akalipwa kama waigizaji wengine wa jukwaani?

JukwaaTu: Wadau niaje. Director wa kundi letu kila mazoezi lazima amtaje huyu Mfaransa wa zamani, ati alikuwa staa mkubwa na bado akakubali mshahara wa kawaida kwa tamthilia. Ni ukweli? Nauliza kwa sababu hapa Nairobi mtu akishaonekana kwa TV mara moja jukwaa anasahau, na siwezi mlaumu maana rent haingoji.

MamaTamthilia: Ni ukweli kabisa na mimi nampenda huyo mtu sana. Alizaliwa Cannes 1922, mwaka wa 1945 akaigiza mfalme Caligula kwenye tamthilia ya mwandishi Albert Camus huko Paris akiwa kijana mdogo, halafu 1947 muvi ya Le Diable au corps ikamtoa, Ufaransa nzima ikamjua. Sasa 1951, akiwa juu hivyo, ndio anajiunga na kundi la Jean Vilar, yule wa tamasha la tamthilia la Avignon, Ufaransa. Kundi lilikuwa linaitwa TNP, yaani Théâtre National Populaire, tamthilia ya taifa kwa watu wa kawaida. Hata kwa bango majina yalipangwa kwa alfabeti, hakuna cha staa kuwekwa juu.

Otis_Umoja: Sawa, lakini tusiwapotoshe vijana. Jamaa hakuacha muvi, Fanfan la Tulipe ilitoka 1952 na ikajaza watu sinema. Na TNP serikali ilikuwa inaweka pesa. Sisi ukumbi tunajilipia, mabango tunajilipia, hadi fare.

MamaTamthilia: Hapo Otis nakubali. Lakini angalia hiyo pesa waliifanyia nini, tiketi bei ya chini, wahudumu wa ukumbi wakakatazwa kuchukua tipu, na Novemba 1951 wakaanzia Suresnes, mtaa wa wafanyakazi nje ya Paris, ni kama kundi kubwa hapa lifungue msimu Dandora badala ya tao. Na kitu watu hawasemi, miaka yake ya mwisho Philipe aliongoza chama cha waigizaji, akipigania haki za wenzake. Kwa hivyo mtu asimtumie kuwaambia wasanii wafanye kazi bure, hapana, huko ni kumkosea heshima.

JukwaaTu: Miaka ya mwisho aje, alikufa mapema?

AkinyiWaStej: Mapema sana. 25 Novemba 1959, miaka 36, kansa ya ini, na hakuambiwa anaumwa nini. Alizikwa Ramatuelle, kijiji cha kusini mwa Ufaransa, akiwa amevaa nguo za Rodrigue, ile role yake kwenye tamthilia ya Le Cid.

JukwaaTu: Woi. Asanteni sana. Hiyo ya chama director hajawahi kutuambia hata siku moja, nitamuuliza mazoezini mbele ya kila mtu, tukiwa tunaongea mambo ya malipo. Na kuna mtu ana hiyo Fanfan yenye maandishi ya Kiingereza chini?